Kompyuta ikigoma kuzimika, wewe fundi unafomati ya nini?

Leo nina maneno na mafundi wa kompyuta wa Nyeri, pamoja na wenzao wa Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru. Msinichukie, ni maneno ya ndugu kwa ndugu. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini ukishasomea kompyuta chuo kikuu na ukaishi katika miji hii, jamaa na majirani wote wanaujua mlango wako, na haipiti wiki bila mtu kubisha akiwa na laptopu kwapani. Nimeona za kutosha. Nami nasema hivi: kufomati kompyuta kwa sababu inakwama au inaanguka wakati wa kuzimwa si ufundi. Ni kubomoa nyumba kwa sababu mlango mmoja haufungi.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Mchana kutwa kompyuta inafanya kazi bila neno. Jioni unabonyeza Shut down, vile vidoa vinazunguka, vinazunguka, halafu linatokea mojawapo ya haya: skrini inageuka buluu na kujaa maandishi meupe, au skrini inakuwa nyeusi lakini taa na feni hazikomi, au, na hili ndilo linalowachanganya wengi, kompyuta badala ya kuzimika inajiwasha tena. Mteja anaipeleka kwa fundi. Fundi haulizi, hafungui chochote, anatikisa kichwa tu kama daktari: "Mama, hii Windows imekwisha. Tufomati, jioni uje uchukue." Shilingi 1,000, labda 1,500, na kazi imekwisha. Picha, barua na hesabu zako? "Ulikuwa na backup?"

Hebu tuanze na swali ambalo fundi huyu hakujiuliza. Kama Windows "imekwisha", ilifanyaje kazi tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni? Ilifungua Excel, ikachapisha barua, ikaingia eCitizen, ikacheza nyimbo. Mfumo uliooza hauwezi hayo yote. Kitu kinachoharibika saa moja tu ya siku kinakutaka uulize: ni jambo gani linafanyika saa hiyo na halifanyiki saa nyingine?

Kuzima kompyuta si kama kuzima taa. Kwanza Windows inapita kwa kila programu iliyo wazi na kuiomba ifunge. Programu isiyojibu kwa muda wa sekunde 5 hivi inahesabiwa imekwama, ndipo unapoletewa ile skrini ya kukuambia kwamba programu fulani inazuia. Kisha zinaambiwa huduma, yaani zile programu zinazofanya kazi bila dirisha: kinga ya virusi, huduma ya printa, visasisho vya hiki na kile. Data iliyokuwa bado kwenye memori inaandikwa kwenye diski. Mwisho, draiva za vifaa vyote, kadi ya skrini, Wi-Fi, sauti, modemu, zinaamriwa zizime vifaa vyake, na zinatakiwa kujibu kwamba zimemaliza. Baada ya hapo ndipo umeme unakatwa.

Ni kama soko la Karatina jioni. Mchana muuzaji mmoja mzembe hakusumbui, unampita unaenda kwa mwingine. Lakini mwenye ufunguo wa geti hawezi kufunga mpaka yule mmoja amalize kufungasha nyanya zake. Kwa hiyo kompyuta inayoanguka wakati wa kuzimwa mara nyingi haina ugonjwa wa mwili mzima. Ina mzembe mmoja. Na habari njema, fundi, ni kwamba mara nyingi mashine imeshaandika jina lake!

Ile kompyuta inayojiwasha badala ya kuzimika, kwa mfano, mara nyingi haijajiwasha kwa ukaidi. Imeanguka. Tangu enzi za Windows XP, mfumo umepangwa kwamba ukianguka vibaya ujiwashe upya wenyewe, hivyo skrini ya buluu inapita kama umeme wa radi na wewe huioni. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings ya sehemu ya Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Sasa izime tena. Safari hii skrini ya buluu itasimama pale pale, na utasoma kosa lake. Hiyo ni dakika 1 ya kazi. Fundi anayefomati bila kufanya hivyo ni sawa na daktari anayekata mguu bila kuinua suruali.

Kosa utakalolikuta mara nyingi katika ugonjwa huu linaitwa DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, namba yake 0x9F. Soma jina lenyewe jamani! Linasema draiva fulani ilishindwa wakati wa kubadilisha hali ya umeme, yaani kuzima, kulala au kuamka. Wapi hapo pameandikwa "fomati"?

Kama hukuiwahi skrini, kuna daftari. Andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, kisha System. Namba 1074 inakuambia nani aliomba kompyuta izimwe au iwashwe upya, na saa ngapi. Namba 6006 ni dalili kwamba daftari lilifungwa kwa utaratibu. Ukiiona hiyo ya jana jioni na huku feni ilizunguka mpaka asubuhi, basi acha kulaumu Word na Excel, angalia chini zaidi, kwenye draiva na BIOS. Namba 6008 inasema mara iliyopita mashine ilizimika ghafla.

Halafu kuna namba 41 ya Kernel-Power, na hapa nina ugomvi wa pekee. Mafundi waliogundua daftari hili, ambao nawapongeza, wakiiona namba 41 wanasoma neno Power na kumwambia mteja anunue pawa saplai mpya. Hapana! Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri kabla. Haisemi kwa nini. Fungua sehemu ya Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mashine haikupata nafasi ya kuandika kosa: labda stima ilipotea, labda mtu alishikilia kitufe, labda iliganda kabisa. Ikiwa ni 159, geuza namba hiyo kuwa ya msingi wa 16 na utapata 9F. Ni ile ile draiva yetu. Pawa saplai haina hatia, na mteja hana haja ya kutoa hata shilingi.

Ushahidi wenyewe umehifadhiwa katika folda ya Minidump iliyo ndani ya folda ya Windows. Kuna programu ndogo ya bure ya NirSoft, BlueScreenView, inayozifungua faili hizo na kukuonyesha mshukiwa. Tahadhari moja: mara nyingi itakuonyesha ntoskrnl.exe. Huyo si mwizi, ni askari aliyepiga filimbi. Hapo utahitaji WinDbg ya Microsoft yenyewe, nayo pia ni ya bure. Unaifungua faili, unaandika !analyze -v, unasubiri, unatafuta mstari wa IMAGE_NAME. Ukishindwa kuelewa mistari mingine yote, mstari huo mmoja unatosha kukuanzishia kazi.

Nikupe mfano ili usiseme nahubiri hewani. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha upande wa Mukurwe-ini aliniletea laptopu ya ex-UK ambayo ilikuwa ikijiwasha kila akiizima. Ilikuwa imeshafomatiwa mara mbili na fundi mmoja wa mjini. Mara ya kwanza hesabu za kikundi za miaka miwili ziliondoka nayo: nani ametoa, nani amekopa, nani bado. Akina mama walikaa wakiandika upya kwa kukumbuka na kwa risiti za M-Pesa zilizobaki kwenye simu, na mnajua wenyewe kikundi kinavyokuwa pesa zikianza kukumbukwa. Wapo ambao hawakuamini tena hesabu za mweka hazina wao. Na baada ya hasara yote hiyo, laptopu iliendelea kujiwasha vile vile! Kwa nini? Kwa sababu fundi alipomaliza kufomati alirudisha draiva zile zile kutoka kwenye flashi ile ile, pamoja na ya modemu ya USB ya zamani ambayo mama huyo hata hakuitumia tena. Faili ya Minidump ilikuwa imeitaja draiva ya modemu hiyo kwa jina. Nikaiondoa programu ya modemu, nikaiwasha upya mara 3, nikaizima mara 3. Haikurudia. Chai ilikuwa bado ya moto.

Sitamlaumu fundi kwa kila kitu, maana Microsoft nao wametuchanganya. Tangu Windows 8, mwaka 2012, walileta kitu kinachoitwa Fast Startup. Kinapokuwa kimewashwa, ukibonyeza Shut down kompyuta haizimiki kikamilifu: programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva kinaandikwa kwenye diski kama kilivyo, na asubuhi kinarudishwa kama kilivyo. Restart ndiyo inayoanza upya kweli kweli. Naam, umesoma sawa: kuzima si kuzima, kuwasha upya ndiko kuzima. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uangalie Up time ya CPU. Nimewaonyesha watu wanaozima kila jioni wakakuta siku 23. Hawakuamini macho yao.

Kwa anayetafuta ugonjwa, hii ni dalili ya bure. Ikiwa kompyuta inaanguka ukichagua Shut down lakini Restart inapita salama, shuku Fast Startup na draiva isiyopenda kulazwa. Shikilia Shift unapobonyeza Shut down. Hapo itazimika kikamilifu. Ikipona, umeshampata mshukiwa, na unaweza kukizima kitu hicho kwa kuandika powercfg /h off kwenye Command Prompt ya msimamizi. Amri hiyo inaondoa pia ule usingizi mzito wa kuhifadhi kazi kwenye diski, kwa hiyo mwenye laptopu yenye betri mbovu afikirie kwanza. Na ikiwa Restart nayo inaanguka, twende kwenye msconfig: ficha huduma za Microsoft, zima nusu ya zilizobaki, jaribu. Imepona? Mbaya yumo katika nusu uliyozima. Haijapona? Yumo katika nusu nyingine. Huduma 16 zinakwisha kwa raundi 4. Hiki ni kitu tunachofundishwa mwaka wa kwanza, wala hakihitaji digrii.

Kwa mashine za ex-UK, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, ongeza jambo moja: BIOS. Unakuta HP au Dell iliyotoka ofisi fulani ya Uingereza ikiwa na BIOS ya miaka saba nyuma, na kampuni yenyewe inatoa mpya bure kwenye tovuti yake. Lakini usiibadilishe siku stima inapepesa, tafadhali.

Na kwa kuwa tumetaja stima. Kuna tabia ya pili inayoambatana na hii ya kufomati: kushikilia kitufe mpaka mashine ife, au katika saiba, kuzima kompyuta zote kwa pamoja ukutani wakati wa kufunga duka. "Si stima ikipotea inazimika hivyo hivyo?" Ndiyo, inazimika hivyo hivyo, na ndiyo maana tunailalamikia! Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na Kenya nzima ikabaki gizani. Tumbili akapona. Tarehe 25 Agosti 2023 giza likarudi nchi nzima. Hayo huwezi kuyazuia. Lakini wewe mwenye mkono na akili unajigeuzaje tumbili wa Gitaru kila jioni saa mbili? NTFS ina shajara inayolinda mpangilio wa diski isivurugike. Hailindi ile Excel uliyokuwa ukiandika, wala faili ya Outlook iliyokuwa katikati ya kuandikwa. Kompyuta ikiganda kabisa, subiri dakika kadhaa, angalia kama taa ya diski bado inapepesa. Ikiwa imetulia kabisa, basi shikilia kitufe. Ila iwe mara moja ya dharura, na kesho yake ufungue daftari.

Najua mafundi watanijibu nini, maana wameshanijibu. "Mteja hana subira. Kufomati ni saa moja na nusu, najua itakwisha vipi. Kusoma madaftari yako hakuna mwisho." Hoja hii ina uzito kidogo, sitaikataa yote. Kuna kompyuta zilizojaa virusi kiasi kwamba kuanza upya ndiyo njia ya heshima. Kuna diski zinazokufa, ingawa hizo unazinakili kwanza halafu unazitupa, hazifomatiwi zikarudi kazini. Lakini nimekutajia hapa vipimo ambavyo vyote kwa pamoja havifiki nusu saa. Toza kazi ya kupima! Mwambie mteja ukweli kwamba shilingi 1,000 ni ya kutafuta ugonjwa. Fundi wa matatu anatoza kusikiliza injini, na hakuna anayembishia.

Kwani ulimwengu ulifanyaje tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilipoanza kuanguka na kujiwasha, kuanguka na kujiwasha, kwa sababu ya sasisho bovu la CrowdStrike? Viwanja vya ndege vilisimama. Je, walizifomati? Waliingia Safe Mode, wakafuta faili iliyoanza na C-00000291, wakawasha. Faili moja. Lakini kwanza mtu alilazimika kusoma kosa na kulijua jina la faili.

Sasa kuna wimbo mpya. Tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nasikia watu wakiambiwa, "Inagoma kuzimika kwa sababu Windows 10 ilifungwa, nunua nyingine." Huo ni uongo mtupu. Kukosa masasisho ya usalama ni hatari ya kweli, na nitaiandikia siku nyingine, lakini hakumfanyi mtu wa Microsoft kuja Nyeri kushika kitufe chako. Mashine iliyokuwa ikizimika vizuri Septemba na ikaacha Desemba ina draiva au programu iliyobadilika kati ya miezi hiyo miwili. Tafuta hiyo. Hata waliohamia Linux, msidhani mmeokoka: ile "A stop job is running" inayohesabu hadi sekunde 90 ni mzembe yule yule mwenye nyanya, na journalctl -b -1 -e itakuambia jina lake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hatuna udhuru wa ujinga. Katika kaunti hii, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha semikondakta. Semikondakta! Kisha unatoka hapo kwa matatu hadi mjini, unakuta kijana mwenye akili timamu ambaye kozi yake ya "hardware" ilikuwa miezi mitatu ya kufundishwa kufomati kwa flashi, basi. Hakuonyeshwa hata siku moja mahali kompyuta inapoandika makosa yake. Wanaoendesha kozi hizo ndio ningetaka waniambie wanauza nini.

Nawe mteja, usijifiche nyuma ya fundi. Kabla hujaiacha laptopu mezani kwake, piga picha ya skrini ya buluu kwa simu kama uliiona. Nakili faili zako kwenye flashi yako mwenyewe, si yake. Kwenye hesabu za kikundi kuna majina na namba za simu za wanachama, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Kisha muulize maswali mawili: kosa lina namba gani, na draiva ipi imetajwa. Akikujibu "tufomati tu", chukua laptopu yako, mshukuru kwa wakati wake, uvuke barabara. Mjini hapa mafundi hawakosekani.